Michoro Kumi na Miwili

Ili mtu anyanyue mguu avuke dimbwi
Cibalonza humchora mara kumi na mbili,
na hiyo ni sekunde moja tu.
Nilidhani ananitania. Nikahesabu.
Dimbwi la kwetu Nyamugo ni la sekunde nane
kwa mtu mwenye viatu vya kung'aa.

Kazi yangu ni kubonyeza.
Yeye anachora kwa kipande cha kaa, mimi napiga picha kwa simu,
anafuta goti kwa kiganja, anachora goti jingine,
juu kidogo, unywele mmoja juu, nami nabonyeza.
Simu tumeifunga kwa mpira kwenye kigoda kilichopinduliwa.
Usipumue, ananiambia.
Ukipumua, Bukavu nzima inatikisika.

Makaa ni ya gunia la mama, yale yale ya kupikia sombe.
Jioni mama anauliza: leo tunapika au tunachora?
Kuna siku tulichora.

Lakini kaa halifutiki likaisha.
Goti la jana hubaki nyuma ya goti la leo kama moshi,
kwa hiyo mtu wetu anatembea akiburuta
kila hatua aliyowahi kuikana.
Hilo hatukulipanga.
Karatasi tulikuwa nazo nne.

Mtu huyo ana mkoba. Ndani ya mkoba mna barabara,
imekunjwa kama kitenge kipya.
Anaitoa, anaitandika, watu wanapiga makofi,
anaikunja tena, anaondoka juu ya matope.
Ndiyo filamu nzima.
Kuahidi, yeye humtosha pumzi moja;
sisi kumchora akiahidi, wiki tatu.

Tuliitwa komini kabla hatujamwonyesha mtu.
Habari za Kadutu hushuka mlima haraka kuliko mvua.
Shefu alikuwa na picha moja mezani.
"Huyu ni nani?"
"Hilo tumbo ni sufuria, shefu,"
na ilikuwa kweli, alifuatisha mdomo wa sufuria ya mama.
"Na masikio?"
"Vikombe."
"Na mkoba?"
Hapo Cibalonza akanyamaza.
Shefu aliitazama ile picha muda mrefu,
kama mtu anayejaribu kofia dukani.
Mwisho akauliza, mlango ukiwa umefungwa,
kama tumbo linaweza kupunguzwa kidogo.
Linaweza, akamjibu,
ila ni michoro elfu moja mia tano na sitini,
na makaa yamepanda bei.

Hakutufunga. Hakutoa hela.
Picha alibaki nayo.

Jumamosi tulitundika shuka kwenye ukuta wa Nshokano, muuza sambaza,
shuka lenye ua moja jekundu lililokataa kutoka kwa sabuni yoyote,
basi katikati ya barabara iliyotandikwa kukaota ua.
Watu walidhani tulikusudia.
Walicheka kabla ya mahali pa kuchekea,
wakaita majina, kila mmoja jina lake:
ni fulani, hapana, ni fulani,
mwanamke mmoja akaapa ni shemeji yake wa Muhungu.

Mguu ulikuwa hewani, mchoro wa saba,
umeme ukakatika.

Miluzi. Cibalonza akakaa chini kwenye giza.
Kisha Mushagalusa, mtoto wa jirani, miaka tisa,
akasokomeza shati la kaka yake tumboni,
akashika ndoo ikawa mkoba,
akanyanyua mguu vipande vipande,
tk, tk,
akisimama kila kipande
kama anayengoja nibonyeze.
Nyuma yake wenzake wawili walimganda,
wakirudia goti lake wakiwa wamechelewa kidogo,
na hakuna aliyewafundisha kuwa moshi.

Watu waliwasha simu wakammulikia.
Tisa. Kumi. Kumi na moja.
Hapo akasita, akatugeukia:
"Niutue wapi?"

Chini yake lilikuwa dimbwi lenyewe, la kweli,
limejaa taa zetu.